Chakula Kilichopikwa na Mwingine: Namna ya Kukadiria Nishati Yake

Kila kiumbe hai huhitaji nishati, na binadamu huipata nishati hiyo katika chakula. Mtu anayejipikia aweza kupima unga, ndizi, maharage na mafuta kabla ya kuviinjika mekoni. Lakini watu wengi, angalau mara moja kwa siku, hula chakula walichopikiwa na wengine: mwanafunzi katika bwalo la shule, mtumishi kwa mama lishe karibu na stendi ya mjini Bukoba, mgeni kwa wakwe zake huko Kamachumu, mwombolezaji msibani huko Nshamba. Wote hao hukuta chakula kimekwisha kuiva. Viungo vyake havionekani tena kimoja kimoja, na kiasi chake anakijua mpishi peke yake.

Je, yawezekana mtu wa namna hiyo kujua kadiri ya nishati aliyoila? Jibu ni kwamba yawezekana kukadiria, na kwamba makisio yanayofuata kanuni hukaribia ukweli kwa kiasi cha kutosha kwa mahitaji mengi. Makala haya yanaeleza kanuni hizo kwa mifano ya vyakula vya wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera. Jambo lenyewe lina uzito. Mgonjwa wa kisukari aliyeagizwa na kliniki kupima mlo wake hawezi kuacha kula ugenini. Shule inayolisha mamia ya vijana yapaswa kujua kama mgao wake unatosha. Na taifa linapotaka kuhesabu watu wake wenye njaa hukutana na tatizo lilo hilo, kama itakavyoonekana mbele.

KALORI NA VIPIMO VYAKE

Kalori moja ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi. Kipimo hicho ni kidogo mno kwa shughuli za chakula. Kwa hiyo hutumika kilokalori, yaani kalori 1,000. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "kalori" ilhali wana maana ya kilokalori. Katika vitabu vya fizikia nishati hupimwa kwa juli, na kilokalori moja ni sawa na kilojuli 4.2 hivi.

Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater (1844–1907), alilinganisha joto litokalo katika vyakula vinapochomwa na nishati ambayo mwili wa binadamu huipata kwa kuvila. Kutokana na kazi yake zilipatikana namba ambazo zinatumika hadi leo: gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, gramu moja ya protini 4, na gramu moja ya mafuta 9. Gramu moja ya kileo hutoa kilokalori 7. Kwa hiyo lubisi nayo, ingawa hunywewa kama kinywaji, ina hesabu yake. Maji na chumvi havina kilokalori hata moja.

Kutokana na namba hizo na uchunguzi wa maabara hutengenezwa majedwali ya vyakula. Tanzania inayo majedwali yake, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (iliyoundwa mwaka 1973) na Chuo Kikuu cha Harvard. Namba zifuatazo ni za kukadiria, nazo zatosha kwa somo hili.

Jedwali la 1: Kilokalori katika gramu 100 za chakula kabla ya kupikwa
- Ndizi za kupika zilizomenywa: 120
- Maharage makavu: 335
- Unga wa mahindi: 360
- Mchele: 360
- Sukari: 390
- Karanga kavu: 570
- Parachichi: 160
- Samaki sato: 95
- Mafuta ya kupikia: 885

Msomaji ataona mara moja kwamba mafuta yamesimama peke yake juu ya vyote. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, chenye uzito wa gramu 13 au 14, kina kilokalori 120 hivi. Nishati hiyo ni sawa na ile ya gramu 100 za ndizi zilizomenywa.

JARIBIO LA DARASANI: KUCHOMA KARANGA

Vifaa: mkebe mdogo wa bati, gramu 100 za maji, kipimajoto, mizani ya maabara, pini ndefu iliyochomekwa katika kizibo, karanga kavu, kiberiti.

Pima uzito wa punje moja ya karanga na halijoto ya maji. Choma punje hiyo kwa pini, iwashe moto, kisha iweke upesi chini ya mkebe. Inapokwisha kuungua, koroga maji na upime tena halijoto. Jaribio hili lifanywe mbele ya mwalimu, nywele na nguo zikiwa mbali na moto. Bukoba imeinuka zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko yafikapo nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo yatumike maji ya kutosha yasije yakachemka, maana maji yakianza kuchemka kipimajoto husimama na joto linaloendelea kuingia halionekani tena katika kipimo.

Tuchukue mfano. Punje ina uzito wa gramu 0.6, na maji gramu 100 yamepanda kutoka nyuzi 24 hadi 34. Joto lililoingia katika maji ni 100 × 10 = kalori 1,000, yaani kilokalori 1. Kwa mujibu wa Jedwali la 1, gramu 0.6 za karanga zina kilokalori 3.4 hivi. Zilizosalia zimekwenda wapi? Zimepasha hewa na bati, na nyingine zimebaki katika masizi. Jaribio hili lafundisha mambo mawili: kwamba nishati ya chakula ni kitu halisi kinachopimika, na kwamba kipimo chaweza kuwa na kosa linaloelekea upande mmoja daima. Hata jaribio likirudiwa mara 20, jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Kosa la aina hii litatajwa tena.

MAJI HUBADILI UZITO, HAYABADILI NISHATI

Gramu 100 za maharage makavu zikichemshwa mpaka ziive huwa gramu 240 au 250. Uzito umeongezeka zaidi ya maradufu, lakini nishati imebaki ile ile, kwa kuwa kilichoongezeka ni maji tu. Ndiyo sababu gramu 100 za maharage yaliyoiva zina kilokalori 130 hivi, wala si 335. Wali na ugali hufuata kanuni hiyo hiyo. Vyakula vya kukaangwa huenda kinyume: hupoteza maji na kunywa mafuta, hivyo uzito wake hupungua au hubaki karibu na ule wa awali huku nishati ikipanda.

Basi anayepima sahani ya chakula kilichoiva bila kujua kiasi cha maji yaliyomo hajui alichokipima. Lakini ipo njia ya kuliepuka tatizo hilo: kukihesabu chakula kwa mafungu ya chungu kizima, na kuacha kukihesabu kwa uzito wa sahani.

MFANO: CHUNGU CHA NDIZI NA MAHARAGE

Chakula kinachojulikana sana katika nyumba za Bukoba na Muleba ni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Tuseme mama mwenye nyumba amepika chungu cha watu 8, na ametumia vitu hivi:

- Ndizi zilizomenywa, kilo 3: kilokalori 3,600
- Maharage makavu, nusu kilo: kilokalori 1,675
- Mafuta, vijiko 4 vya mezani: kilokalori 480
- Vitunguu, nyanya na bilinganya: kilokalori 100 hivi
- Chumvi na maji: 0
- Jumla: kilokalori 5,855

Ikumbukwe kwamba ndizi hununuliwa na maganda yake, na maganda huchukua zaidi ya theluthi moja ya uzito. Kilo 5 za ndizi zenye maganda hutoa kilo 3 hivi za ndizi zilizomenywa.

Ikiwa watu wote 8 wamekula sawasawa na chungu kimekwisha, kila mmoja amepata 5,855 ÷ 8, yaani kilokalori 730 hivi. Mpishi akiongeza lita nzima ya maji ili mchuzi uwe mwingi, jibu halibadiliki, kwa sababu chungu kizima bado kina kilokalori 5,855 na fungu la kila mmoja bado ni sehemu moja ya nane. Lakini anayepima sahani yake kwa mizani angeona imekuwa nzito zaidi na kudhani amekula zaidi. Hiyo ndiyo faida ya kuhesabu kwa mafungu.

KOSA KUBWA LIKO WAPI?

Mgeni hajui hesabu hiyo ya mpishi, yeye hubahatisha. Yafaa basi kujua ni kubahatisha kwa namna gani kunakompotosha zaidi. Tuangalie makosa manne, moja moja, katika chungu kile kile.

Kwanza, mgeni adhani ndizi zilikuwa kilo 2.8 badala ya 3. Chungu kinapungua kilokalori 240, na fungu lake linapungua 30 tu.

Pili, akisie vitunguu na nyanya mara mbili ya kiasi cha kweli. Fungu lake linaongezeka kilokalori 12 au 13, jambo ambalo halina maana.

Tatu, mafuta yawe vijiko 12 ilhali yeye amedhani ni 4. Chungu kina kilokalori 6,815, na fungu lake ni 850 badala ya 730. Amekosea kwa kilokalori 120.

Nne, adhani amekula sehemu moja ya nane, kumbe amekula sehemu moja ya sita. Amepata kilokalori 975 badala ya 730. Amekosea kwa 245, yaani theluthi moja ya makisio yake.

Funzo ni wazi. Mtu asijisumbue kukisia idadi ya ndizi au nyanya kwa usahihi mkubwa. Mambo yanayoamua jibu ni mawili: mafuta yaliyotiwa, na ukubwa wa fungu lililoliwa. Juhudi zote za kuuliza na kuangalia zielekezwe huko.

FUNGU LA MLAJI: SAHANI, SINIA NA JANI LA MGOMBA

Palipo na sahani, fungu hukadirika kwa urahisi: huhesabiwa ni pawa ngapi zilizopakuliwa kwa mlaji na ni ngapi zilizotoka katika chungu kizima. Lakini kwa desturi ya Wahaya chakula kilipakuliwa juu ya majani ya migomba, na watu wakakizunguka wakala pamoja kwa mkono. Na popote katika nchi yetu shughuli nyingi hulisha watu katika sinia moja. Hapo hakuna mpaka kati ya fungu la mtu na la jirani yake.

Njia ifaayo ni kuhesabu matonge. Mtu apime nyumbani, siku moja tu, uzito wa matonge yake 10 ya ndizi au ugali. Akigawanya kwa 10 atapata wastani wa tonge lake. Tuseme tonge ni gramu 30, na ndizi na maharage vilivyoiva vina kilokalori 117 kwa gramu 100. Tonge moja lina kilokalori 35 hivi, na matonge 20 yana 700. Hesabu hii hufanyika kimya, bila mizani na bila kumvunjia mwenyeji heshima. Kupima chakula cha mtu mbele ya macho yake ni kumtilia shaka, na hakuna elimu inayolazimu hivyo.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba chungu hakifanani juu na chini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, nayo huelea. Anayepakuliwa mchuzi wa juu hupata mafuta mengi kuliko anayepakuliwa wa chini.

MAFUTA NA VITU VINAVYOSAHAULIWA

Mafuta hayaonekani yakishaingia katika chakula. Kwa hiyo hujulikana kwa kuuliza. Lakini swali liulizwe vizuri. Mpishi hawezi kujua ni mafuta kiasi gani yako katika sahani moja. Anachokijua ni kiasi alichomimina na idadi ya sahani alizopakua. Mfano wa mazungumzo kwa mama lishe ni huu:

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu.

– Samahani, mama. Mboga ya leo umeitia mafuta kiasi gani, na umepakua sahani ngapi?

– Nimetia nusu lita. Sahani zilikuwa kama 30.

Lita moja ya mafuta ina kilokalori 8,200 hivi. Nusu lita ina 4,100. Zikigawanywa kwa sahani 30, kila sahani ina kilokalori 137 za mafuta. Kwa swali moja la heshima sehemu ngumu ya hesabu imekwisha.

Kwa vyakula vinavyozamishwa katika mafuta, kama chipsi, maandazi na samaki wa kukaanga, mafuta hupimwa kabla ya kukaanga na baada yake. Yaliyopungua yameingia katika chakula, isipokuwa machache yaliyorukia nje. Senene ni mfano wa pekee. Wadudu hawa, wanaopendwa sana Kagera, wana mafuta yao wenyewe. Katika uzito wao mkavu karibu nusu ni mafuta. Hata wakikaangwa bila kuongezewa mafuta, bado ni chakula chenye nishati nyingi, na konzi moja yao isihesabiwe kama konzi ya mboga.

Yapo pia mambo madogo yanayojirudia. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, jumla gramu 12, kina kilokalori 47 kutokana na sukari peke yake. Vikombe vinne kwa siku ni kilokalori 190 hivi. Kwa upande mwingine, buni chache za kahawa ambazo mgeni hukaribishwa kuzitafuna katika nyumba ya Mhaya hazina nishati ya kuhesabiwa. Mgeni azipokee kwa moyo mkunjufu.

BWALO LA SHULE

Shuleni kukadiria ni rahisi kuliko mahali pengine, kwa sababu vyakula hutolewa stoo kwa kipimo na huandikwa katika daftari. Tuchukue shule ya kufikirika yenye wanafunzi 400 wa bweni. Kwa chakula cha mchana zimetolewa kilo 120 za unga wa mahindi, kilo 32 za maharage na lita 3 za mafuta. Kila mwanafunzi amepata:

- Unga gramu 300: kilokalori 1,080
- Maharage gramu 80: kilokalori 268
- Mafuta: 3 × 8,200 ÷ 400 = kilokalori 61 hivi
- Jumla: kilokalori 1,409

Kama chakula cha jioni ni kile kile, na asubuhi kuna uji wa gramu 50 za unga na gramu 15 za sukari (kilokalori 238), jumla ya siku ni kilokalori 3,056. Kwa mujibu wa makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2004, msichana wa miaka 16 au 17 mwenye shughuli za wastani huhitaji kilokalori 2,500 hivi kwa siku, na mvulana wa umri huo 3,300. Mgao huu basi wawatosha wasichana, lakini wawapungukia wavulana. Tena lazima yatolewe makoko yaliyoganda katika sufuria na mabaki yaliyotupwa. Kama sehemu moja ya kumi ya chakula imetupwa, kilokalori 3,056 zimekuwa 2,750.

Hesabu hii ya dakika chache yaweza kuuonyesha uongozi wa shule mahali pa kurekebisha. Na ieleweke kwamba kilokalori si kipimo cha ubora. Mgao uliotajwa hapo juu hauna matunda wala mboga za majani, na upungufu wa vitamini na madini hauonekani katika hesabu ya nishati.

TAIFA LINAPOHESABU WENYE NJAA

Tatizo la mgeni mezani huwa kubwa zaidi linapokuwa la nchi nzima. Ili kujua watu wangapi hawapati nishati ya kutosha, watafiti huuliza kaya zimekula nini, kisha hugeuza majibu kuwa kilokalori. Lakini aulizwe nani, na kwa njia gani?

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008 swali hilo lilifanyiwa jaribio katika wilaya saba za Tanzania. Wilaya mbili zilikuwa za mkoa wa Kagera. Nyingine zilikuwa katika mikoa ya Dodoma, Pwani, Dar es Salaam, Manyara na Shinyanga. Miongoni mwa watafiti walioandika matokeo yake ni Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson. Kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi 8, na kila kundi likaulizwa kwa njia yake. Baadhi ziliombwa kukumbuka vyakula vya siku 7 au 14 zilizopita kwa kufuata orodha ndefu ya vyakula 58. Nyingine zilipewa orodha fupi. Nyingine ziliulizwa juu ya mwezi wa kawaida. Na nyingine ziliandika katika daftari siku baada ya siku. Katika kundi moja kila mtu mzima alikuwa na daftari lake mwenyewe, na watoto waliandikiwa na watu wazima waliozijua shughuli zao. Daftari hilo la mtu mmoja mmoja ndilo lililochukuliwa kuwa kipimo cha kulinganishia vingine.

Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu, hali yao ya chakula ilitarajiwa kufanana. Hata hivyo matokeo yalitofautiana sana. Kwa njia moja ilionekana kwamba asilimia 19 ya watu wana njaa. Kwa njia nyingine asilimia 68. Nchi ilikuwa ile ile na mwaka ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Sababu mojawapo yahusu moja kwa moja somo letu. Mkuu wa kaya, akiulizwa kwa niaba ya wote, hutaja kilichopikwa katika chungu cha nyumbani. Hajui maandazi aliyonunua kijana njiani, wali alioula mkewe kwa jirani, wala samaki alioula ndugu yake mwaloni Kemondo. Chakula kilichopikwa na wengine hupotea katika hesabu, na mtu aliyeshiba huandikwa kuwa na njaa. Njia nyingine hukosea kwa kusahau: kadiri siku zinavyopita ndivyo vyakula vidogo vinavyofutika akilini. Serikali ikiamini namba mbovu, msaada waweza kwenda pasipohitajika na kukosekana panapohitajika.

AINA MBILI ZA MAKOSA

Hapa ndipo jaribio la karanga linapokumbukwa. Makosa ya vipimo ni ya aina mbili. Yapo yanayotokea huku na huku: leo mtu amekisia zaidi kwa kilokalori 200, kesho amekisia pungufu kwa 200. Makosa hayo hupunguzana. Kwa kanuni ya takwimu, wastani wa siku 7 hupunguza kosa la namna hiyo kwa kipeuo cha pili cha 7, yaani 2.65, kosa la 200 huwa 75 hivi. Ndiyo maana makisio ya juma zima ni ya kuaminika kuliko ya mlo mmoja.

Lakini yapo makosa yanayoelekea upande mmoja daima, kama joto linalopotea hewani au chai inayosahauliwa kila siku. Hayo hayapungui hata yakirudiwa mwaka mzima. Wanasayansi wameyathibitisha kwa njia ya maji yenye alama: mtu hunywa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake zimetiwa alama ya atomu nzito zisizo na madhara, na kwa kupima jinsi alama hizo zinavyopungua katika mkojo hujulikana kiasi cha nishati kilichotumiwa na mwili. Njia hiyo ilitumiwa pia kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012. Penginepo ilipolinganishwa na madaftari ya chakula, ilionekana kwamba watu aghalabu huandika pungufu ya walichokula.

Kwa hiyo anayetaka kukadiria vizuri afuate kanuni hizi:

1. Aandike siku ile ile, wala asingoje kesho.
2. Ahesabu kwa fungu la chungu kizima kila inapowezekana.
3. Aulize juu ya mafuta kwanza, kisha sukari.
4. Asisahau vinywaji na vyakula vya njiani.
5. Atumie wastani wa juma, asihukumu kwa mlo mmoja.

Tahadhari mbili ni za lazima. Mgonjwa wa kisukari huhitaji kujua hasa kiasi cha wanga, si nishati yote tu, na asibadili kipimo cha dawa zake kwa makisio haya pasipo ushauri wa daktari. Na kijana anayekua asitumie elimu hii kujinyima chakula. Mwili unaojijenga hudai haki yake.

MASWALI

1. Katika chungu cha mfano, maharage yameongezwa yakawa kilo 1 na wakala watu 10 sawasawa. Kila mmoja amepata kilokalori ngapi?

2. Mama lishe amepika kilo 6 za mchele kwa robo lita ya mafuta na kupakua sahani 40. Sahani moja ya wali ina kilokalori ngapi?

3. Eleza kwa nini kuongeza maji katika mchuzi hakubadili nishati ya fungu la mlaji, ingawa hubadili uzito wa sahani yake.

4. Kwa ruhusa ya mwalimu, pata kutoka stoo ya shule yako kiasi cha vyakula vilivyotolewa kwa siku tatu. Kokotoa wastani wa kilokalori kwa kila mwanafunzi kwa siku, na utaje kosa moja ambalo laweza kuelekea upande mmoja katika hesabu yako.

Majibu: (1) 753. (2) 591.